Mtoto Apendaye Kutengeneza Vitu

Karibu katika kila darasa yuko mtoto mmoja asiyeweza kuona kitu kilichovunjika akakiacha. Dawati likilegea mguu, yeye ndiye atafutaye msumari na jiwe la kupigia. Kitasa cha mlango kikikataa kufunga, wenzake hutoka kucheza, naye hubaki amechuchumaa akichungulia tundu la ufunguo. Nyumbani ameunda gari la waya lenye usukani ugeukao kweli, na magurudumu yake ameyakata katika kandambili kuukuu. Amekwisha kuifungua saa ya baba yake, asiweze kuifunga tena, akapata fimbo kwa kosa hilo. Hesabu za sehemu humpa taabu akiwa mbele ya ubao wa darasa, lakini akipewa ubao wa mti na futi ya kupimia, ataipata nusu ya robo bila kukosea.

Wazee wamtazamapo mtoto wa namna hii husema maneno mawili. Wengine husema, "Anapoteza wakati, na asome apate kazi ya kalamu." Wengine, hasa majibu ya mtihani yakitoka na jina lake lisionekane, husema, "Basi, na aende akajifunze ufundi." Maneno haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini mzizi wake ni mmoja. Yote mawili huuhesabu ufundi kuwa ni makombo, chakula cha yule aliyechelewa karamuni. Hilo ni kosa. Tena liko kosa la pili, nalo ni la wale wamsifuo mtoto huyo kupita kiasi, wakidhani ya kuwa kuipenda kazi ya mikono kwatosha kumfanya mtu fundi. Hakutoshi. Mtu aweza kupenda nyundo tangu utoto hata uzee, asipate kwa nyundo hiyo hata chakula cha siku moja.

Mambo haya mawili huonekana wazi katika maisha ya James Watt wa Uskoti, ambaye watu wengi humjua kwa habari ya mtambo wa mvuke, lakini wachache hukumbuka ya kuwa alianza kwa kutengeneza vitu vya watu vilivyoharibika.

Watt alizaliwa mwaka 1736 katika Greenock, mji wa bandari. Baba yake alikuwa seremala wa meli na mwuzaji wa vyombo vya mabaharia. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili. Maumivu ya kichwa yalimshika mara kwa mara, na siku nyingi hakuweza kwenda shule. Baba yake hakumfukuza kiwandani asije akawasumbua wafanyakazi, bali alimpa meza yake mwenyewe ya kazi na zana zake mwenyewe, naye akawa akiunda huko mifano midogo ya mitambo. Wazazi wengi wangaliogopa kidole kukatika. Lakini kidole hupona. Hamu ya mtoto iliyopigwa kila siku haiponi upesi.

Alipokuwa kijana alikata shauri kuwa fundi wa vyombo vya kupimia, yaani dira, mizani, na vyombo vya kupimia pembe za jua na nyota. Mwaka 1755 akaenda London kutafuta mwalimu. Hapo ndipo alipotambua ya kuwa kupenda si kujua. Desturi ya vyama vya mafundi ilikuwa mwanagenzi atumike miaka 7. Watt hakuwa na fedha ya kumweka huko muda huo, wala hakuwa mtoto tena. Mwishowe alipatikana fundi mmoja, jina lake John Morgan, aliyekubali kumfundisha kwa mwaka mmoja, akilipwa gini 20, fedha nyingi kwa siku zile, pamoja na kazi ya mikono ya kijana mwenyewe. Watt akakaa mezani mchana kutwa, na nje ya saa hizo akafanya kazi ndogondogo apate chakula. Mwaka ulipokwisha alijua mengi ambayo wengine walijifunza kwa miaka mingi, lakini afya yake ilikuwa imevunjika, akarudi kwao 1756.

Alitaka kufungua duka katika mji wa Glasgow. Chama cha mafundi wa mji huo kikamkatalia, kwa kuwa hakutumika miaka 7, wala hakuwa mtoto wa mwenye haki za mji. Ingaliwezekana habari yake iishie hapo. Lakini Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa kimepokea kutoka Jamaika sanduku la vyombo vya elimu ya nyota, navyo vilikuwa vimeharibiwa na hewa ya chumvi ya bahari. Watt alipewa kazi ya kuvisafisha na kuvitengeneza, akalipwa paundi 5. Kazi ile ilipoonekana kuwa ni njema, wakuu wa chuo wakampa chumba ndani ya kuta zao mwaka 1757, na jina la fundi wa vyombo wa chuo. Na huko chama cha mji hakikuwa na amri. Yafaa mtoto alitazame jambo hili kwa makini. Mlango haukufunguliwa kwa maneno ya Watt, wala kwa cheti, maana cheti hakuwa nacho. Ulifunguliwa na vyombo vilivyokuwa na kutu jana na leo vyafanya kazi.

Katika chumba kile alifanya kila kazi iliyoletwa: dira, mizani, filimbi, magitaa. Aliunda hata kinanda kikubwa cha mifereji ya upepo, ijapokuwa masikio yake hayakujua kutofautisha sauti moja na nyingine. Alisoma kwanza hesabu za sauti, ndipo akaanza kukata mbao. Watu wa namna hii huitwa mafundi wa kila kitu, na jina hilo mara nyingi hutajwa kwa dharau.

Kisha katika majira ya baridi ya mwaka 1763, mwalimu mmoja wa chuo alimletea mfano mdogo wa mtambo wa mvuke uliobuniwa zamani na Thomas Newcomen, ambao ulitumika kuvuta maji migodini. Mfano ule ulikuwa umepelekwa London kutengenezwa, ukarudi vilevile. Watt akautengeneza. Ukaenda mapigo machache, kisha ukasimama, maana mvuke uliisha upesi. Fundi mwingine angalisema, "Kazi yangu nimeimaliza, mtambo wenyewe ndio mbaya," akachukua ujira wake. Watt akauliza kwa nini. Aliona ya kuwa katika mtambo ule mvuke huingia katika silinda, yaani mwanzi mnene wa madini, kisha maji ya baridi hunyunyizwa ndani ili mvuke ugeuke maji na kuiacha pistoni ishuke. Basi kila pigo silinda hupoa, na kila pigo lazima ipashwe moto upya. Sehemu kubwa ya mvuke hupotea kwa kuipasha moto tu, isifanye kazi yo yote. Aliwaza habari hiyo muda mrefu. Siku moja ya mwaka 1765, akitembea katika uwanja wa Glasgow, jibu likamjia: mvuke upozwe katika chombo kingine, na silinda iachwe iwe ya moto daima. Kwa wazo hilo mitambo ya mvuke ikapata kuenea viwandani na migodini.

Lakini kwa habari ya mtu atakaye kula kwa kazi ya mikono yake, yaliyofuata yana mafundisho zaidi kuliko wazo lenyewe. Watt alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake mwaka 1769, naye hakupata faida. Mshirika wake wa kwanza alifilisika. Ili kulisha watoto alikuwa akipima nchi kwa ajili ya mifereji ya mashua. Tena alichukia sana kupatana bei na kuandika hesabu. Kazi ngumu ya chuma haikumtisha, bali mteja mwenye deni alimtisha. Hali yake ilibadilika aliposhirikiana na Matthew Boulton wa Birmingham mwaka 1775. Boulton alijua biashara. Wao hawakuuza mtambo tu na kwenda zao. Walipatana na wenye migodi walipwe theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, mtambo mpya ukilinganishwa na ule wa kale. Mwenye mgodi aliona faida yake kwa macho, na fundi akala kwa halali. Kama Boulton asingalikuwako, labda Watt angalikufa fundi hodari na maskini, kama walivyokufa wengi.

Si kila apendaye patasi atakuwa Watt, wala nchi haihitaji akina Watt elfu. Yahitaji sana watu wa namna ya Watt alivyokuwa katika chumba kile cha chuo: watu wa kutengeneza. Katika Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na miji midogo yote, nyumba zimejaa vitu vinavyoharibika: mabomba, vitasa, bawaba, mapaa ya bati, pampu za maji, majiko. Mafundi wa kujenga kipya hupatikana. Mtu wa kuja jioni kwa mama mjane ambaye bati lake lavuja, akaligundua tundu, akaliziba, akalipwa haki yake na kesho lisivuje tena, huyo ni adimu.

Watu husema, "Mshika mawili, moja humponyoka," wakimkusudia fundi wa kila kitu. Methali ni ya kweli, lakini hapa haikutumiwa mahali pake, kwa sababu taabu za nyumba haziji kwa mafungu ya ufundi. Msumari wa bati ukipigwa katika bonde la bati badala ya mgongo wake, maji ya mvua hupita penye tundu lake. Maji hayo hufuata boriti mpaka ukutani. Ukuta hulowa, na kizingiti cha mlango huvimba. Mlango hukwama, mwenye nyumba huusukuma kwa nguvu, na kitasa huvunjika. Seremala akiitwa ataparuza mlango kwa randa. Fundi wa vitasa atatia kitasa kipya. Baada ya mwezi taabu itarudi. Yule awezaye kuyafuata maji nyuma, toka kitasani hata darini, ndiye atakayeiponya nyumba, naye lazima awe ameshika zana zaidi ya moja.

Tena lazima ajue sababu za mambo, si desturi tu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na katika Lamu, nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali. Kuta hizo hunywa unyevu na kuutoa tena. Fundi asiyejua hupiga lipu ya saruji juu yake, kwa kuwa saruji ni ngumu na huonekana safi. Lakini saruji huuzuia unyevu usitoke. Chumvi hukusanyika ndani ya jiwe na kulimenya, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Majengo hayo yataka mkono wa kuyatunza daima. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ikiendelea, na watu wawili wakafa. Basi asiwepo mtu asemaye kuwa kazi ya kutengeneza ni mchezo wa watoto walioshindwa masomo.

Sasa lisemwe jambo linalowaumiza watu kuliko bati livujalo, nalo ni neno la fundi. Sifa mbaya ya mafundi yajulikana pwani na bara. Fundi huchukua fedha ya kwanza, husema "Kesho asubuhi," na asubuhi hiyo haiji. Ukimtafuta, ana msiba, kisha ana homa, kisha zana zimeazimwa. Mara nyingi mtu huyo si mwizi. Ni mtu apendaye kazi, asiyejua kuhesabu siku. Aliahidi nyumba tatu kwa siku moja kwa sababu kila kazi ilimpendeza alipoitazama. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Naye husingizia mvua, na bei ya misumari, na mwanagenzi wake. Kijana atakaye kuigeuza hamu yake iwe riziki, na anunue daftari kabla ya kununua keekee. Humo ataandika siku aliyoahidi, vitu alivyonunua, fedha aliyopokea na fedha iliyosalia.

Katika bei napo kuna taabu. Mathalan fundi atengeneza mlango kwa shilingi 15,000. Bawaba na parafujo zimemla 6,000, nauli ya kwenda na kurudi 2,000, na kazi imemla nusu ya siku. Yeye hudhani amepata 15,000, akazila jioni ileile. Kumbe amepata 7,000, na katika hizo kuna fungu la msumeno utakaokwisha makali na la siku atakayougua. Asipolihesabu fungu hilo, mwaka hautapita kabla hajauza zana zake apate chakula. Wengi wameuza. Zaonekana sokoni, randa zenye mpini uliolainika kwa mkono wa mtu mwingine.

Tena ajue mpaka wake. Nyuzi za umeme si kazi ya kubahatisha; katika Tanzania na Kenya sheria yataka mtu afanyaye kazi hiyo awe na leseni, na sababu ya sheria hiyo ni kwamba kosa la seremala huonekana, bali kosa la fundi wa umeme hulala kimya ukutani mpaka usiku nyumba inapowaka. Fundi asemaye "Hili silijui, mwite fulani" hupoteza ujira wa siku moja tu, na mwenye nyumba humkumbuka.

Mambo haya yote hayawezi kujulikana kwa kupenda. Hujulikana kwa kukaa chini ya mtu ajuaye. Zamani pwani mwanagenzi alimfuata fundi wake, akashika ngazi, akaleta zana, akajua majina yake kabla ya kuruhusiwa kuzitumia. Na alipohitimu wazee wake walimpa fundi kilemba, kuonyesha ya kuwa elimu ile ilikuwa na heshima kama elimu nyingine. Siku hizi viko vyuo pia. Tanzania iliweka sheria ya mamlaka ya mafunzo ya ufundi, iitwayo VETA, mwaka 1994. Lakini serikali zaweza kufungua vyuo, zisiweze kuyafungua macho ya wazazi. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1985 Kenya ilianza masomo ya miaka 8, 4 na 4 yaliyotaka kazi za mikono zifundishwe shuleni. Hata hivyo katika nyumba nyingi wazee walizidi kuuliza juu ya karatasi ya mtihani tu, na watoto walijua ni jambo gani liliwapendeza wazee wao.

Wala haifai kudhani kuwa habari hii ni ya wavulana peke yao. Msichana ajuaye kurudisha mpini wa jembe na kuwasha jiko la mafuta lililogoma ana mikono ileile. Mama aliye peke yake nyumbani huenda akapendelea kumfungulia mlango fundi mwanamke kuliko mwanamume asiyemjua. Riziki hiyo iko, nayo haijachukuliwa.

Basi mzazi aliye na mtoto wa namna hii afanye nini? Asimpige kwa ajili ya saa iliyofunguliwa. Ampe saa iliyokufa aifungue apendavyo. Amwache aendelee na masomo, kwa maana fundi asiyejua kusoma kipimo na kuandika hesabu hubaki kibarua wa wengine. Siku za likizo ampeleke kwa fundi mwenye neno la kweli, hata kama kuna fundi mwingine hodari zaidi asiye na neno la kweli, kwa sababu mtoto huiga ahadi za mwalimu wake kama aigavyo mapigo ya nyundo. Samaki mkunje angali mbichi.

Watt aliacha biashara mwaka 1800, akiwa tajiri na mwenye jina kubwa. Wengi walidhani atapumzika. Yeye akapanda katika chumba kidogo chini ya paa la nyumba yake, karibu na Birmingham, akaweka humo meza yake ya kazi, akawa akiunda mashine ya kunakili sanamu. Hakuna mteja aliyeingoja, wala bei iliyopatanwa. Alifanya kazi hiyo hata akafa mwaka 1819. Chumba kikafungwa, kikakaa miaka zaidi ya 100, kisha vitu vyake vyote vikapelekwa katika jumba la makumbusho la sayansi la London mwaka 1924. Vilipohesabiwa vilikuwa zaidi ya 8,000: patasi, tupa, vipande vya filimbi, sanamu zisizokwisha, na mezani zana alizokuwa akizitumia, zikiwa tayari kushikwa.